Bonasi ya mwisho haiokoi mradi uliokosa ari

Ndugu Mhariri,

Mradi ukichelewa, lawama huanzia kwenye fedha, vifaa au mkandarasi. Ari ya watu wanaoufanya hukumbukwa mwishoni, na dawa yake huwa ileile: ahadi ya bonasi siku ya makabidhiano. Mara nyingi dawa hiyo haigusi ugonjwa.

Mwaka 1964 mwanasaikolojia Victor Vroom alieleza kuwa mtu hupima mambo matatu kabla ya kujituma. Nikijitahidi, kazi itafanyika? Ikifanyika, nitapewa nilichoahidiwa? Na hicho nilichoahidiwa, nakitaka kweli? Matatu haya huzidishwa, hayajumlishwi. Moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri. Bonasi hugusa la tatu tu. Aliyepewa tarehe isiyowezekana ameshaweka sifuri kwenye la kwanza, hata ukimwongezea dau mara mbili. Atakachofanya ni kuripoti kuwa kazi imefika asilimia 90, na itakaa kwenye 90 wiki baada ya wiki.

Kwa hiyo meneja aanzie hapo. Muda wa kazi ukadiriwe na yule atakayeifanya. Kazi ikatwe vipande visivyozidi wiki mbili, kila kipande kiwe na mwenyewe mmoja (kazi ya "timu nzima" haina mwenyewe), na iandikwe mapema ni nini kitaonyesha kuwa kimekwisha: ripoti imesainiwa, jaribio limepita, vipimo vimekubaliwa. Taarifa iwe "imekwisha" au "bado", asilimia ziachwe. Kipande kikikwama kwa idhini au kifaa ambacho mhusika hana mamlaka nacho, meneja alifikishe suala hilo juu ndani ya siku mbili. Mtu akisubiri saini wiki tatu kisha akaulizwa kwa nini amechelewa, usitegemee ajitume tena mwezi unaofuata.

Swali la pili, la kupewa kilichoahidiwa, huharibika zaidi pale wanatimu wanapoazimwa kutoka idara nyingine. Wanautumikia mradi, lakini fomu ya tathmini ya mwaka inajazwa na mkuu wa idara ambaye hajui walichofanya. Kabla ya kuanza, mwanatimu, mkuu wa idara na meneja wa mradi waandikiane: siku ngapi kwa wiki ni za mradi, na maoni ya meneja wa mradi yataingia kwenye tathmini kwa uzito gani. Bila karatasi hiyo, kazi ya idara itashinda kila Jumatatu.

Posho nayo isichanganywe na motisha. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake, mwaka 1959, waliyatenga mambo kama malipo na mazingira ya kazi, ambayo yakikosekana huzua manung'uniko na yakiwapo huyanyamazisha tu, na yale yanayosukuma: mafanikio, kutambuliwa, wajibu, kukua. Wapo wanaobishana na mgawanyo huo, lakini huhitaji utafiti kujua madhara ya posho iliyochelewa. Ilipwe kwa tarehe. Pongezi zitolewe wiki ileile, zitaje kilichofanywa na aliyekifanya, na nakala iende kwa mkuu wake. Hongera za jumla humfikia mvivu na mchapakazi kwa kipimo kimoja, na mchapakazi huliona hilo upesi.

Hatari kubwa iko mwishoni. Mradi una tarehe ya kufa, na wenye mikataba ya muda huanza kutafuta kazi kabla haijafika. Wanaoipata kwanza ndio wenye ujuzi adimu; huondoka wakiacha miongozo haijaandikwa, majaribio nusu, watumiaji hawajafunzwa. Miezi mitatu kabla, kila mmoja aambiwe ana kwa ana anakokwenda: idarani kwake, mradi mwingine, au mkataba unaisha. Fedha ya bonasi, kama ipo, ilipwe kwa anayebaki hadi nyaraka zake zikapokelewa na kusainiwa na atakayeendesha kazi baada yake. Na anayeondoka apewe barua inayoorodhesha alichokamilisha, siku ya mwisho, si baada ya kuifuatilia mwezi mzima.

Msimamizi wa miradi