Faini za mtoni zinamwacha mwenye chombo

Mhariri,

Habari mliyoichapisha kuhusu kupandishwa kwa faini za vyombo vinavyokiuka kanuni za usafiri wa mtoni imenifanya nishike kalamu baada ya miaka mingi ya kuwasoma kimya kimya. Iliorodhesha makosa yote, kuanzia kuzidisha abiria hadi kusafiri usiku bila taa, lakini haikusema ni nani hasa atakayelipa. Sisi tunaosafiri tunamjua: ni nahodha wa kuajiriwa, asiye na kauli juu ya idadi ya magunia, na ambaye akikataa kung'oa nanga hupatikana mwingine siku hiyo hiyo.

Hivi karibuni nilipanda mashua iliyokaguliwa gatini kwa utaratibu wote. Mkaguzi alihesabu vichwa, akahesabu na jaketi za kuokolea maisha, akagonga muhuri, tukaondoka. Mto ulipopinda na gati kutoweka machoni, injini ilipunguzwa, na mitumbwi ikatoka kwenye matete ikiwa imebeba abiria ambao wakala wa mwenye chombo alikwisha kuwakatia tiketi, pamoja na magunia na mapipa ya mafuta, vyote vikapakiwa bila yeyote kushangaa, na zile jaketi zilizohesabiwa zikafukiwa chini ya shehena. Maji yalipobakiza kiganja kimoja kufika ukingo wa mashua niliuliza kama haya yanaruhusiwa, na karani akanijibu, kwa upole wa kuudhi, kwamba wakikamatwa faini haifikii nauli za wale walioongezwa. Maana yake faini wamekwisha kuiingiza katika gharama za safari pamoja na dizeli, na hata ikipandishwa watapandisha nauli.

Kivuko cha MV Nyerere kilichozama katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Kikomo kilikuwapo, tena kimeandikwa.

Mamlaka ya usafiri wa mtoni nayo haitozwi faini na mtu. Kanuni ya 9 ya kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano inakitaka chombo kilicho katika njia nyembamba ya maji kishike upande wake wa kulia, nayo ni kanuni ya busara. Ila kila mafuriko huhamisha mafungu ya mchanga, maboya yaliyosombwa hayarudishwi, kisha nahodha anayekwama au kugongana huandikiwa kosa la kuacha njia ambayo hakuna aliyemwonyesha.

Uingereza ililazimisha alama ya shehena, yaani mstari wa kikomo cha kupakia, ubavuni mwa meli tangu mwaka 1876. Nasi mashua zetu zipakwe mstari mweupe kila ubavu, wenye upana wa kiganja, hata aliye ukingoni aone ukizama, na unapozama chombo kifungwe mnyororo gatini kwa siku 30. Mkaguzi naye ahamishiwe kwenye kona ya mto. Ikiwa mamlaka inaona minyororo ni ghali, basi leseni iwe na sharti moja tu: mwenye chombo asafiri nacho kila safari, akae juu ya magunia, na jaketi yake ihifadhiwe pale pale zinapohifadhiwa zetu.

Wenu,
Abiria wa mtoni