Ruzuku za mawasiliano zimfikie kwanza mwenye kisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa kawaida hujadiliwa katika kumbi za hoteli, mara nyingi kwa Kiingereza, ilhali wanaoguswa nalo wako vijijini. Jambo lenyewe ni ruzuku ambazo mifuko ya ufadhili hutoa ili asasi za kiraia ziimarishe mawasiliano yao na ziweze kusimulia vizuri kazi zinazofanya. Nilikuwa katibu wa asasi ndogo wilayani Muheza, mkoani Tanga, kwa miaka 14, na katika ruzuku zote zilizopita mikononi mwetu, hakuna iliyotuletea sifa nyingi na aibu nyingi kwa mpigo kama ruzuku ya mawasiliano.

Nianze na aibu. Tulikuwa tumeshirikiana na wanakijiji kuvuta maji ya mserereko kutoka mlimani, na kwa mwaka mmoja na nusu watu walikuwa wakichota kwenye vilula, yaani mabomba ya kuchotea maji, bila shida. Mfuko mmoja wa nje, ambao sitautaja, ukaridhishwa na kazi ile na kutupatia fedha za kutengeneza filamu fupi, tovuti na vipeperushi, kwa sharti kwamba kazi hiyo ifanywe na mshauri mwelekezi. Mshauri akafika kutoka Dar es Salaam na wapiga picha wawili, akakaa nasi siku mbili. Asubuhi ya siku ya pili nilimkuta mama mmoja, mjumbe wa kamati yetu ya maji, akiteremka kijia cha bondeni na ndoo tupu kuelekea kisima cha zamani, ambacho wakati huo kilikuwa kimemezwa na magugu hata ikabidi vijana watangulie na mapanga kumfyekea njia. Kilula kilikuwa hatua zisizozidi thelathini kutoka mlangoni kwake. Alikuwa amevaa kanga mpya kwa heshima ya wageni, wakamwomba akaibadilishe. Alipopanda na ndoo kichwani mara ya kwanza alikuwa anacheka, kwa sababu watoto walikuwa wakimtania kwamba bibi amesahau maji yalipo, basi wakamrudisha bondeni. Mara ya nne alikuwa amechoka kweli, jasho linamtiririka, na uchovu ule ndio ulioingia kwenye filamu. Naungama kwamba mimi ndiye niliyemsihi akubali, na mimi ndiye niliyempelekea karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaitia sahihi juu ya goti lake kwa kuniamini.

Filamu ilitoka ya dakika sita, Kiingereza kitupu, muziki wa huzuni tangu mwanzo hadi mwisho, na kilula hakikuonekana hata mara moja, kwani kwa maelezo ya mshauri mfadhili mpya havutiwi na tatizo lililokwisha. Ilionyeshwa katika mikutano miwili mikubwa, ikapigiwa makofi, na sisi viongozi tukapewa mikono ya pongezi.

Wapo watakaosema kosa ni la mshauri yule peke yake. Nadhani tunamwonea, maana desturi hii ni ya zamani kuliko yeye. Picha za njaa ya Ethiopia zilizorushwa na BBC mwezi Oktoba 1984 ziliishtua dunia, zikafuatiwa na tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985, lililofanyika London na Philadelphia siku moja, na fedha zikachangwa kwa wingi. Zilichoacha nyuma yake ni mazoea kwamba Mwafrika anayetaka kusaidiwa sharti kwanza aonekane hajiwezi. Mashirika ya Ulaya yenyewe yaliiona hatari hiyo, yakapitisha mwaka 1989 kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe, kisha yakaziandika upya mwaka 2006, zikisisitiza utu, ukweli na ridhaa ya anayepigwa picha. Kwa hiyo kanuni zipo tangu wajukuu wangu hawajazaliwa. Ambacho sijawahi kukiona, katika bajeti zote nilizowahi kuzitia sahihi, ni nauli ya kurudi kijijini kumwonyesha mtu picha yake kabla haijasambazwa.

Lugha yetu nayo ilipaswa kututahadharisha. Wafadhili wanapotuomba “hadithi za mafanikio”, wazee wetu hutabasamu, kwa kuwa kila aliyelelewa na bibi anajua hadithi hufunguliwa vipi: “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Pale jikoni uongo ulialikwa waziwazi na kila msikilizaji aliujua. Katika taarifa ya robo mwaka huingia kwa mlango wa nyuma.

Pamoja na hayo, Ndugu Mhariri, siandiki kuomba ruzuku hizi zifutwe. Fedha za mawasiliano ni adimu mno kwa asasi ndogo. Mfadhili wa kawaida hulipia semina, saruji au vyandarua, na asasi ikithubutu kuweka mshahara wa afisa mawasiliano huambiwa hizo ni gharama za uendeshaji, zipunguzwe. Ndiyo maana niliufurahia mwelekeo wa Ford Foundation, taasisi ya ufadhili ya Marekani yenye ofisi yake ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, ilipoanzisha mwaka 2016 mpango wake wa BUILD kwa ahadi ya dola bilioni 1, ikitoa ruzuku za miaka mitano ambazo taasisi ina uhuru wa kuzitumia kujijenga yenyewe. Hapa kwetu Foundation for Civil Society imekuwa ikitoa ruzuku na kuzijengea uwezo asasi za mikoani tangu 2003, na wengi tuliojifunza kuandika taarifa inayosomeka tulijifunza katika mafunzo ya namna hiyo.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana dhahiri zaidi mwaka 2025. Tarehe 20 Januari serikali mpya ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likawa limekoma kufanya kazi. Kwa miaka mingi redio zetu zilikuwa zikitangaza kwamba shughuli hii na ile inafanyika “kwa hisani ya watu wa Marekani”, na maneno hayo yakawa yamechapwa hadi kwenye fulana na madaftari. Hisani ilipokwisha, wananchi walikuwa wanamjua vizuri aliyelipa, lakini wengi hawakuijua asasi iliyokuwa ikitembea nyumba kwa nyumba kwa niaba ya mlipaji. Nimezungumza na viongozi wa asasi kadhaa mkoani kwetu ambao walipojaribu kuomba michango kwa wafanyabiashara na kwa jumuiya za dini waliulizwa swali jepesi lenye kuumiza: ninyi ni akina nani? Walikuwa na tovuti nzuri. Walikuwa na filamu. Vyote vilikuwa vikimtazama mtu aliye mbali.

Haikuwa hivyo daima katika nchi hii. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya “Mtu ni Afya”, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza redio pamoja, wakiwa na vitabu vya Kiswahili mkononi, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Fedha za Sweden zilisaidia kampeni ile, ila msikilizaji aliyelengwa alikuwa mwanakijiji, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa habari zake mwenyewe. Si lazima turudi nyuma kiasi hicho. Pangani, jirani zetu, asasi ya UZIKWASA, kifupi cha Uzima Kwa Sanaa, imetengeneza filamu za Kiswahili zinazotokana na maisha ya watu wa pwani ile, imetumia maigizo ya jukwaani vijijini, na ikaanzisha redio ya jamii ya Pangani FM. Wafadhili wamo katika kazi hizo, tena wa nje, na bado mtazamaji wa kwanza ni mtu wa Pangani. Tofauti baina ya ruzuku ile na yetu haikuwa ukubwa wa fedha pekee. Ilikuwa ni nani ameketi mbele ya kioo.

Nasi tulikuja kujifunza, kwa bahati tu. Ruzuku yetu ilipokwisha ilibaki akiba ndogo isiyotosha kulipia tovuti mwaka wa pili. Mhazini akapendekeza tununue karatasi za manila na kalamu za wino mzito, tuandike mapato na matumizi yote ya mradi wa maji kwa herufi kubwa, tuzibandike kwenye ukuta wa darasa siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Nilikuwa na wasiwasi, nikijua watu huchoshwa na hesabu. Watu hawakuchoka. Tulipofika kwenye mstari wa mabomba, mzee mmoja aliyekuwa amekaa dirishani akasimama, akasema yeye aliyabeba mabomba yale begani na kuyahesabu, na idadi iliyoandikwa imezidi kwa manne. Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti wa kijiji akaunda timu ya watu watatu palepale, wakaenda na ufunguo, na mabomba manne yakakutwa yamelala nyuma ya kabati katika stoo ya shule, yana vumbi. Waliporudi, mzee akacheka, akasema sasa hesabu imekaa sawa. Tangu siku hiyo kuchangia matengenezo kulikuwa rahisi kuliko wakati wowote wa ukatibu wangu, na mjadala ule wa saa mbili ulitugharimu chini ya shilingi elfu kumi.

Ninasimulia haya kwa sababu Kanuni za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali, zinayataka mashirika hayo kuutangazia umma fedha wanazopokea zinapozidi shilingi milioni 20, na wengi wetu tumelichukulia takwa hilo kama adhabu, tukatafuta njia ya kulitimiza kwa gharama ndogo mahali ambapo hapana mtu atakayesoma. Mfuko unaotaka kweli kuimarisha mawasiliano ungeanzia hapo, kwa kulipia taarifa ya Kiswahili inayobandikwa, inayosomwa redioni na inayojibiwa. Ungeacha pia kulazimisha mshauri wa siku mbili, na fedha hizo ukamlipa kijana mmoja wa wilaya hiyohiyo mshahara wa miaka miwili au mitatu, ukampa na mlezi mzoefu wa kusoma anachoandika kabla hakijatoka. Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, ulioanza 2008, ulifanya jambo linalofanana na hilo kwa waandishi wa habari, ukiwapa fedha za kwenda vijijini pamoja na mlezi wa kuwaongoza, na sioni sababu utaratibu huo usifae kwa asasi.

Kuhusu ridhaa sina maneno mengi, kwa kuwa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Karatasi iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, na mtu aambiwe wazi kwamba akikataa kupigwa picha maji hayatakatwa wala mtoto wake hataondolewa kwenye orodha ya sare. Hofu hiyo ipo, hata kama haitamkwi.

Sisi wa asasi nasi tuna la kujirekebisha. Kila mwaka tuliandika mafanikio, na hakuna mwaka hata mmoja tulioandika kwamba shamba darasa la iliki lilikufa kwa sababu tulichelewesha miche hadi mvua ikapita. Mfuko haukutukataza kuliandika. Haukuuliza, nasi tukanyamaza, na asasi jirani ikarudia kosa lilelile msimu uliofuata.

Nakala ya ile filamu ya dakika sita bado ninayo kwenye flashi. Mama aliyepandishwa kilima mara nne hajaiona hadi leo. Nimeomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao niionyeshe, kijana mmoja asimame pembeni akitafsiri, na mwenyekiti amekubali kwa sharti moja: kabla haijaanza, nisimame mbele ya watu nieleze ni kwa nini kilula hakionekani.

Wako,

Katibu mstaafu wa asasi ya kijamii,
Muheza, Tanga.