Safari ya Njao, Pemba: saa imebadilika

Assalaam alaykum ndugu zangu, hamjambo nyote?

Safari ya Jumamosi ipo palepale, ila tunatweka tanga bandarini Wete saa 12 asubuhi, si saa 4. Nataka tuingie Njao jua likiwa juu, tuyaone matumbawe. Tutakapolala hakuna gati, boya wala duka.

1. Mchango sh. 15,000 kwa mshika fedha, mwisho Alhamisi jioni.
2. Maji ya kunywa lita 5 kila mtu.
3. Wapiga mbizi wawili wa kuhakikisha nanga imeshika mchanga. Juu ya matumbawe hatutii nanga kabisa: yakivunjika huchukua miaka mingi kuota tena, nayo ndiyo nyumba ya samaki wetu.

Kubwa zaidi ni amari, yaani kamba ya nanga. Ni bamvua, wakati wa maji makubwa, maji hupanda karibu mita 4. Tukitia nanga penye mita 5 maji yakiwa yamekupwa, yakijaa ni mita 9, na amari iwe mara tano na zaidi ya kina hicho, kwa hiyo tunahitaji ya mita 50 hivi. Safari iliyopita amari ilikuwa fupi, nanga ikaburura usiku, watoto wakiwa wamelala. Sitaki tena. Nani anayo amari ndefu hivyo?

Naomba kila mmoja ajibu hapa "nipo" au "sipo" kabla ya Isha kesho. Shukran sana.