Pia ya goti iliyovunjika isifungwe P.O.P kabla ya kupimwa

Mhariri,

Dereva wa bodaboda anayeangukia goti, au abiria wa mbele anayegonga dashibodi, mara nyingi huvunja pia ya goti. Wengi hufungwa P.O.P (plasta ngumu), muhogo kama mtaani wanavyouita, wakaambiwa warudi baada ya wiki sita. Kwa baadhi yao ni tiba sahihi. Kwa wengine ndiyo njia ya kulemaa, na tofauti hujulikana siku ya kwanza kwa kipimo kisichogharimu hata shilingi: mgonjwa alale chali, ainue mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakimzuia, damu inyonywe kwa sindano, iwekwe dawa ya ganzi ndani ya goti, ajaribu tena.

Akiweza kuinua, na eksirei ikaonyesha mwanya usiozidi milimita 3 na uso wa nyuma ya pia, unaoteleza ndani ya goti, haujapishana zaidi ya milimita 2, P.O.P ya wiki 4 hadi 6 inatosha. Akishindwa, nguvu ya msuli wa paja haifiki tena kwenye muundi. Vipande vinavutana, na hakuna plasta itakayovirudisha. (Wapo pia watu ambao kwa maumbile pia yao ya goti ina vipande viwili: kile kidogo hukaa pembe ya juu upande wa nje, kingo zake za mviringo. Hao wasipasuliwe kwa kosa la kusoma picha.)

Ufa uliokata pia katikati kwa kawaida huungwa kwa pini mbili na waya. Vipande vikishakutanishwa kwa koleo, daktari hupenyeza kidole kwenye utando uliochanika pembeni na kupapasa uso wa nyuma wenye gegedu (tabaka laini la kuteleza), kwa sababu mbele panaweza kukaa sawa huku nyuma pamepishana. Pini za milimita 1.6 hadi 2 hupitishwa sambamba toka juu hadi chini. Waya usioshika kutu, wa milimita 1 hadi 1.25, huzungushwa nyuma ya ncha za pini kwa umbo la nane na kukazwa mbele ya mfupa. Goti likikunjwa, ufa hutaka kufunguka kwa mbele; waya unakataa, na nguvu hiyohiyo inabana vipande kwa nyuma.

Hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Waya ukikaa juu ya kano (ukano unaounganisha msuli na mfupa) badala ya kugusa mfupa, mazoezi ya siku chache huufanya ukate nyama iliyo katikati, ukalegea, na mwanya ukarudi. Ncha za pini zisipokunjwa na kupigiliwa mfupani huteleza na kuchoma ngozi. Skrubu za milimita 4 zenye tundu, waya ukipita ndani yake, hupunguza usumbufu huo, mradi ncha zisitokeze nje ya mfupa zikaukata waya. Utando wa pembeni nao ushonwe.

Ncha ya chini ikisagika, vipande vyake hutolewa na kano hushonwa kwenye mfupa uliobaki kwa nyuzi zisizoyeyuka, kupitia matundu yaliyotobolewa. Kutoa pia nzima kuwe hatua ya mwisho kabisa. Pia ndiyo inayoisogeza kano mbele na kuupa msuli nguvu ya wenzo. Ikitolewa, kupanda ngazi na kuinuka mkekani huwa mzigo wa kudumu.

Ndugu wanaomuuguza nyumbani wasimwekee mto chini ya goti, maana goti hukakamaa likiwa limejikunja. Ikiwa mfupa umeshikwa imara, mgonjwa hukanyaga kwa magongo mguu ukiwa umenyooka, akaanza kukunja taratibu kidonda kikitulia, akilenga pembe ya nyuzi 90 kufikia wiki ya sita. Waya ukisumbua chini ya ngozi hutolewa, lakini baada ya eksirei kuonyesha kwamba mfupa umeunga.

Tunaziomba hospitali za wilaya ziandike kwenye kila fomu ya rufaa: mguu uliinuka, au haukuinuka.

Wahudumu wa mifupa,
Morogoro