Charlie Watts alistahili zaidi ya mstari mmoja

Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani ulitukusanyia maoni ya wahakiki wa Uingereza na Marekani kuhusu Hackney Diamonds, albamu ya Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka tarehe 20 Oktoba, 2023. Wengi wameisifu, baadhi wakisema hawajapata nzuri kama hiyo tangu Tattoo You ya 1981. Wengine wamelalamika kwamba mtayarishaji, Andrew Watt, kaisugua mno. Wote wamehesabu umri: Mick Jagger 80, Keith Richards 79, na miaka 18 bila albamu ya nyimbo zao wenyewe. Kisha wakahesabu wageni: Paul McCartney, Elton John, Stevie Wonder, Lady Gaga. Charlie Watts akapewa mstari mmoja, kwamba alifariki 2021.

Mstari mmoja, mhariri! Mtu aliyekaa nyuma ya drams za bendi hiyo tangu 1963.

Nilipiga drams miaka kumi na moja katika bendi ya hoteli, pwani ya kaskazini ya Mombasa. Watalii walitaka Stones kila Jumamosi, na mimi kila Jumamosi niliwaharibia. Mapigo yote nilikuwa nayo, lakini wimbo haukutembea. Mpiga besi wetu alinigombeza hadi nikataka kuacha kazi. Siku moja baharia akatuletea kanda ya video, nikamtazama Charlie mikono tu, usiku kucha. Kijiti cha kushoto kinaposhuka kwenye snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, mkono wa kulia unanyanyuka, hauyagusi matoazi. Panabaki upenyo mdogo, na gitaa la Keith linapita hapo hapo. Nilifanya mazoezi ya kunyanyua mkono ule mwezi mzima, mezani, kwa vijiko.

Sasa hii albamu. Mjukuu wangu aliiweka kwenye simu, akaiunganisha na spika. Nyimbo sita za kwanza anapiga Steve Jordan. Huyo ni fundi, na Charlie mwenyewe ndiye aliyemwomba amshikie nafasi alipougua. Hata hivyo, wanaomlaumu mtayarishaji Watt wana haki: katika Angry, wimbo wa kwanza, drams zimejazwa sauti hadi pigo dogo na kubwa yanalingana. Ulipoingia wa saba, Mess It Up, mkono wangu wa kulia ulinyanyuka wenyewe. Nikamwambia kijana, "Huyu Charlie." Akatafuta simuni, akakuta ni kweli: walirekodi 2019, naye alikuwa bado hai. Wa nane, Live by the Sword, ni Charlie tena, na besi anapiga Bill Wyman, aliyeiacha bendi 1993. Tuliurudia mara nne. Wale wawili ndio waliokuwa msingi wa nyimbo zote tulizokuwa tukiwapigia watalii, na hapa wako pamoja kwa mara ya mwisho, lakini ukurasa wenu ukaona bora kutueleza Lady Gaga aliimba wapi.

Mhakiki akiandika albamu ya bendi, aandike nani kapiga nini. Si hao Wazungu tu. Msondo Ngoma wapo tangu 1964, walipokuwa wakiitwa NUTA Jazz, na wakiandikwa magazetini hutajwa waimbaji, labda na mpiga solo. Aliyekaa na vijiti nyuma kabisa ya jukwaa huachwa. Naomba ukurasa wenu uanze kumtaja.

Albamu inafungwa na wimbo wa 1950 wa Muddy Waters, mwimbaji wa bluzi wa Marekani, ambao bendi ilichukua jina lake humo. Jagger anaimba na kupuliza kinanda cha mdomo, Richards anapiga gitaa, basi. Hakuna drams. Mjukuu alitaka kuuruka, nikamzuia, tukausikiliza hadi mwisho.

Mpiga drams mstaafu,
Bamburi, Mombasa