Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa ya kuzuia kutapika isiishie wodini

Mheshimiwa Waziri,

Nimemuuguza dada yangu akitibiwa saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Alipewa mionzi pamoja na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, na kabla ya dripu akachomwa ondansetroni na deksamethasoni, dawa za kuzuia kutapika. Siku hiyo hakutapika hata kidogo. Tukaruhusiwa.

Balaa lilianza kesho yake, tukiwa gesti.

Sisplatini ndivyo ilivyo: kutapika kwake huja kwa awamu mbili, na ya pili, inayoanza baada ya saa 24, huweza kufika siku ya tano. Ondansetroni inaimudu zaidi ile ya kwanza. Kwa hiyo mgonjwa wa mkoani hutapikia gesti au ndani ya basi, ambako hakuna muuguzi, na mkononi ana cheti cha kwenda kununua dawa mtaani. Sisplatini hiyohiyo huumiza figo, ndiyo maana tunaambiwa anywe maji mengi. Atayanywaje? Figo zikionekana zimeyumba dozi huahirishwa, na gesti inaendelea kulipiwa. Tangawizi tulichemsha sana, haikufua dafu.

Suluhisho si la kifahari. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 uliongeza olanzapini juu ya dawa za kawaida kwa siku nne: waliokaa siku tano bila kichefuchefu walikuwa asilimia 37, dhidi ya 22 kwa wasioipata. Ni kidonge cha bei nafuu, kinachojulikana kwenye kliniki za afya ya akili. (Wapo watakaokikataa wakisikia ni dawa ya wagonjwa wa akili, kwa hiyo waelezwe mapema, pia kwamba kinaleta usingizi na ni vizuri kukimeza usiku.)

Ninachoomba ni kwamba dawa za siku zinazofuata zihesabiwe kuwa sehemu ya dozi. Bohari ya Dawa ikipeleka sisplatini, ipeleke na vidonge hivyo. Mgonjwa avichukue dirishani kabla hajatoka, na bima isivitenge. Aongezewe karatasi ya Kiswahili yenye namba ya simu ya muuguzi, inayomweleza kwamba akishindwa kunywa maji siku nzima asisubiri kliniki ijayo.

Tafadhali tujibu hadharani: hili litaingia kwenye bajeti ya mwaka gani?

Wako,
Muuguzaji, Tabora