Shukrani kwa uliyetuachia kadi za silabi

Ndugu uliyetuachia bahasha ya kadi za silabi na karatasi ya maelekezo bila jina, ahsante sana.

Karatasi yako imesahihisha kosa letu walimu: kufundisha b na d wiki moja. Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, huzichanganya, maana umbo ni lilelile limegeuzwa. Sasa ba, be, bi, bo, bu zinatangulia mpaka zikae; da inangoja. Dakika 10 kila siku, kidole mchangani, mdomo ukitamka herufi inapochorwa. Mdomo ukinyamaza, limebaki zoezi la kuchora tu. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, hivyo tatizo hujificha: mtoto hakosei sana, ila husoma polepole mno na hukwama kwenye mbw na ng'. Maandishi yawe ya ukubwa wa 14, nafasi ya mstari moja na nusu.

Ahsante pia kwa kumtaja Carol Greider. Mwanasayansi huyo Mmarekani mwenye disleksia alikariri maneno kwa kuwa kuyaendeleza kwa sauti kulimshinda, na alama za mtihani wa kujiunga na shahada ya juu zilimfungia milango ya vyuo vingi. Mwaka 1984, kwenye Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, akiwa na Elizabeth Blackburn, aligundua telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za nyuzi za urithi ndani ya seli; 2009 wakapata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Jack Szostak. Wazazi huuliza habari zake kabla ya kadi!

Kadi za mb na nd zimeshachakaa. Tunakata nyingine kwenye maboksi.